Beseni la Maji ya Zambarau

Mwaka wa 1954, nikiwa na miaka kumi na minane, nyumba yetu kule Kanja ilitiwa moto na askari wa serikali tukaambiwa tuhamie kijijini, nyuma ya handaki la kututenga na msitu. Hapo ndipo shida zangu zilipoanza, na kazi yangu pia, kwa sababu jino lilianza kuniuma siku zile zile za kuchimba handaki lenyewe. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la tatu. Nasema hivyo mapema ili yule kijana mwenye digrii aliyechukua chumba changu cha meno asianze kutafuta makosa ya maandishi. Yapo. Ayaache, asome habari ya meno.

Asubuhi ukungu wa mlima ulikuwa unateremka mpaka ndani ya handaki. Tulikuwa chini na majembe, humwoni mwenzako, unasikia tu jembe lake likiuma udongo, na taya langu linaruka kama lina moyo wake peke yake. Hata leo nikiamka kabla ya jua nalisikia jembe lile, na inanichukua muda kujua kama nakumbuka au naota. Mambo mengi ya Emajensi, ile hali ya hatari ya Waingereza dhidi ya wapiganaji wa msituni, yako hivyo kwangu. Nayaona kama mtu anayeangalia kitu kilicho chini ya maji.

Siku ya soko nikaruhusiwa kwenda Embu mjini. Kando ya soko palikuwa na gari la kijani, mlango wa nyuma uko wazi, na ndani yake kiti cha chuma. Mwenye gari alikuwa Daktari Fazal, Mhindi Mwislamu wa Meru mjini. Chumba chake cha meno kilikuwa nyuma ya duka la nguo la ndugu yake, na siku za soko alizunguka na gari, leo Embu, kesho Kangeta. Aling'oa jino langu huku akiimba kwa pua.

"Wewe hapana lia?" akaniuliza.

"Sina nafasi ya kulia, Daktari. Saa kumi natakiwa handakini."

Alicheka, akaishika mikono yangu akaigeuzageuza kama mtu anayenunua viazi. "Mikono hii nashika ng'ombe?"

"Inashika."

"Basi naweza shika chifu."

Hivyo ndivyo nilivyoandikwa kazi. Alinitafutia pasi, maana Mwembu akikutwa Meru bila pasi alipelekwa kizuizini bila kuulizwa mama yake ni nani. Nikapanda gari, na Kanja ikabaki nyuma, ndani ya ukungu wake.

Siku za kwanza kazi yangu ilikuwa kushika vichwa. "Shika kichwa, hapana shika shingo," aliniambia mpaka nikaanza kuyasikia maneno hayo usingizini. Ukishika shingo mtu anadhani unamnyonga, anapigana. Ukishika kichwa vizuri, viganja juu ya masikio, hasikii koleo likigonga jino, anasikia damu yake tu, kama mtu aliyelala kando ya mto. Wengine walifumba macho wakatulia kabisa. Nimeona mzee mmoja akikoroma na koleo liko mdomoni.

Halafu nikafundishwa kuchemsha vyombo juu ya stovu, kujaza sindano ya ganzi na kutoa hewa, na kutengeneza beseni. Beseni lilikuwa jeupe, la enameli. Unatia maji, unatia chembe chache za ile dawa nyeusi, maji yanageuka zambarau. Vijana wa siku hizi hamlijui, mna bomba linalonyonya mate. Nilidhani ni dawa ya kuua wadudu tu. Daktari Fazal akanieleza: damu kidogo ndani ya maji meupe inaonekana ndoo nzima. Ndani ya zambarau haionekani. "Mgonjwa akiona damu yake nahesabu," alisema. "Akimaliza hesabu naenda polisi."

Kwa sababu kesi zilikuwako hata wakati ule, msidhani zimekuja na mawakili. Watu walitushtaki kwa chifu, kwa wazee, kwa D.O., yule Mzungu wa serikali, kwa Mungu. Huyu anasema tumeng'oa jino zima tukaacha bovu. Yule anasema tangu ang'olewe mke wake hamsikii. Daktari Fazal alikuwa na njia zake, nami nilizitumia mpaka mwaka jana. Mgonjwa aguse jino mwenyewe kwa kidole chake, na ndugu aliyemsindikiza aone akiligusa. Likitoka, mpe mkononi aende nalo, maana kwetu Embu na hata Meru hakuna mtu anayeacha kipande cha mwili wake kwa mgeni akalala vizuri. Na mwenye hasira umwache aseme yote kabla hajafungua mdomo. Akishaufungua amekuwa mpole, hana la kutukania.

Watu wa Igembe, kule Kangeta, ndio waliotusumbua zaidi, kwa ajili ya miraa. Sisemi miraa ni mbaya, sitaki vita. Lakini mtu anachuna ganda la kijiti kwa meno ya mbele, anatafuna, anaweka tonge shavuni saa nzima, na tonge hilo linakaa pale pale palipong'olewa jino. Shimo la jino linataka kufunga kwa damu yake yenyewe, kama jeraha la mti. Ukilichokoza linaoza. Kila tukifika Kangeta Daktari Fazal aliimba wimbo mmoja: uma pamba, kunywa uji baridi, hapana tafuna mpaka shimo nafunga. Wakaitikia wote. Nusu yao tuliwaona tena wiki iliyofuata, mashavu yamejaa.

Sasa nifike kwa M'Ikiara.

M'Ikiara alikuwa mkubwa wa homugadi, wale wenyeji waliopewa bunduki na serikali, wa kilima kimoja huko juu ya Kangeta. Alikuwa mtu mpana, na koti la jeshi alilivaa hata kwenye jua kali. Siku hiyo alikuja na watu wake wawili wenye bunduki, watu wote wa foleni wakakumbuka ghafla kwamba meno yao hayaumi. Akakaa kwenye kiti.

"Daktari," alisema, "jino hili likiniletea shida, wewe ni Mhindi, utalipa faini. Huyu Mwembu wako atakwenda kulala na wenzake kizuizini."

"Mzee, fungua mdomo kwanza," Daktari Fazal akamjibu. "Kesi tutafanya ukifunga."

Mmoja wa wenye bunduki akacheka. M'Ikiara akamtazama, kicheko kikafia njiani.

Mimi nilijaza sindano mbele yao wote. Daktari Fazal akamdunga, tukangoja ganzi ishike, na kwa kuwa mtu mkubwa hapendi kukaa kimya, M'Ikiara akatusimulia alivyowafumania wazee waliokusanyika nyumbani kwa mtu kuzungumzia mahari. Wakati ule mkutano wowote usio na kibali ulikuwa hatia, hata wa posa. "Nikawafunga wote," alisema, ulimi wake umeanza kuwa mzito. "Nikawaambia, huyo bibi arusi ataolewa na D.O." Watu wake wakacheka, safari hii kwa ruhusa.

Jino lilitoka zima, mizizi yake mitatu, bovu kama yai la mwaka jana. Tukampa mkononi. Tukamwimbia wimbo wetu wa pamba na uji baridi.

"Mimi si mtoto," akasema, akaenda zake.

Hazikupita siku nyingi, asubuhi moja askari wakaingia dukani Meru mjini. Hawakuuliza bei ya kitambaa. "Mwembu yuko wapi?"

Daktari Fazal akatoka nyuma na taulo mabegani. "Nani naua?"

"M'Ikiara anakufa. Taya limefunga. Anasema kijana huyu ametumwa na watu wa msitu, ametia sumu kwenye sindano."

Daktari Fazal hakubishana. Alichukua sanduku la vyombo na beseni, akasema mimi nitakwenda ndani ya gari lake, si ndani ya lile la askari, na wao wakitaka watufuate. Njia nzima hakuimba. Ukungu ulikuwa umelala juu ya miraa, ile miti mizee yenye matawi yaliyojikunja, na kila tuliposonga ilijitokeza mmoja mmoja ikatutazama ikarudi ndani. Nilimfikiria mama yangu kijijini, nyuma ya handaki nililolichimba mimi. Sikuwa na hofu, au hofu ilikuwa kubwa mno hata sikuziona kingo zake. Nilikuwa kama mtu aliyedungwa ganzi mwili mzima.

Kituo cha homugadi kilikuwa na handaki pia, na miti iliyochongwa ncha. Uani lilisimama lori, injini inanguruma, nyuma wamekaa watu wameinamisha vichwa. Nikaona karibu na mlango wake nafasi ya mtu mmoja. Nafasi ile naiota mpaka leo.

Ndani, D.O. alikuwa amekaa mezani. Alikuwa Mzungu kijana, pua inabambuka kwa jua. M'Ikiara alikuwa kwenye kiti, shavu limejaa kama papai, amefungwa kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini, na watu wake wamejipanga ukutani.

"Wewe natoka Embu," D.O. akaniambia. "Watu ya msitu nakutuma?"

"Hapana, bwana. Ile ni dawa ya ganzi, ile ile ya kila mtu."

"Bwana, mimi ndiyo nang'oa," Daktari Fazal akaingilia. "Kama kosa, ya kwangu."

"Nyamaza, Daktari." Akamgeukia M'Ikiara. "Wewe nakula nini baada ya jino? Natafuna kitu?"

M'Ikiara akajibu bila kufungua meno. "Uji, bwana. Hata jani moja sijatia mdomoni."

Daktari Fazal akaomba aangalie ndani. M'Ikiara akatikisa kichwa. "Mhindi asinishike. Aliyetia ndiye atoe."

Ukutani wakaguna wote kukubali. Nami nikaelewa nimekwisha. Kwetu mtu akishukiwa kumpandia mwenzake kitu kibaya, analetwa mbele ya watu akitoe kwa mkono wake mwenyewe. Mgonjwa akipona, basi ni ushahidi kwamba yeye ndiye aliyekipanda. Asipopona, amemuua. D.O. hakujua mambo hayo. Aliona tu mgonjwa amechagua mganga, akapunga mkono tuendelee.

Daktari Fazal akaenda nyuma ya kiti akashika kichwa. Kichwa, si shingo. Aliniinamia sikioni akasema polepole, "Hapana harakisha. Hapa iko mdomo tu, kama mdomo yote." Nikaweka beseni la zambarau juu ya goti la M'Ikiara, nikafungua kitambaa, nikaanza kumsafisha kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, kidogo kidogo, mpaka taya likakubali kuachia upana wa kidole. Harufu iliyotoka hapo siiandiki. Nikainama nikaangalia kwenye shimo.

Ndani mlikuwa na kitu kibichi.

Nilikivuta kwa kibano. Kikaja uzi, na uzi mwingine, halafu tonge zima la miraa lililoshindiliwa mle mpaka chini. Mgongo wangu ulikuwa kwa D.O. na kwa watu wa ukutani. Nilikiinua mbele ya macho ya M'Ikiara akione. Hakuweza kusema, vidole vyangu vilikuwa mdomoni mwake. Macho yake yakajaa maji, na si kwa uchungu, machozi ya uchungu nayajua. Daktari Fazal, juu yake, naye aliona. Akageuza uso akatazama dirishani.

Ningegeuka tu. Ningesema, bwana, tazama, huyu alitafuna, huyu amekudanganya. Lori lingeondoka bila mimi. Lakini nilikwisha kushika vichwa vya kutosha kujua kichwa kinavyokuwa mtu anapoogopa kitu kikubwa kuliko koleo. Mkubwa wa homugadi hamwongopei D.O. kwa sababu ya majani. Nyuma ya majani yale palikuwa na watu. Na tena, tuseme ukweli wote, nikimwaibisha mbele ya bunduki zake, ile njia ya kurudi Meru ingekuwa ndefu sana. Nilifanya hivyo kwa huruma na kwa akili, sijui ipi ilitangulia. Nikafungua kibano juu ya beseni. Kitu kile kikazama ndani ya zambarau.

"Nini hiyo?" D.O. alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Usaha, bwana. Na mfupa uliolegea."

Akainama juu ya beseni. Ndani mlikuwa na pamba, mate, usaha na ile rangi moja iliyofunika yote. Akawa mweupe kuliko alivyokuja, akaenda dirishani kusimama karibu na Daktari Fazal.

Basi usaha ukatoka wote, na taya la M'Ikiara likafunguka. Likafunguka mbele ya watu. Ukutani mtu akapiga kelele, "Ametoa! Si mmeona kwa macho yenu? Ametoa mwenyewe!" Wakaanza kusogea. D.O. akageuka. "Sasa? Ilikuwa sumu?"

M'Ikiara akalitazama beseni. Nje injini ya lori ilikuwa ikinguruma, na ndani ya chumba kile kila kitu kilipungua mwendo, kama sote tumo kwenye maji. Niliona tone likining'inia kidevuni mwake. Likaanguka. Ndipo akainua mkono, watu wake wakarudi ukutani.

"Ilikuwa homa, bwana," akasema, mara ya kwanza kwa mdomo wazi. "Homa ilinipa ndoto. Niliota Mwembu anatia nyoka mdomoni mwangu. Nilipoamka nikadhani ni kweli."

"Wewe naniita hapa kwa ndoto?"

"Ilikuwa ndoto nzito sana, bwana."

D.O. akatukana kwa lugha yake, akavaa kofia, akatoka. Nikasikia lori likiondoka, likiteremka kilima, likibadilisha gia. Alfajiri nyingine nalisikia bado. Mke wangu ananiambia ni lori la majani chai. Labda.

Tulipokuwa tukipakia vyombo, M'Ikiara akaja peke yake mpaka kwenye gari, kitambaa mkononi.

"Ilikuwa ncoolo," akasema kwa sauti ya chini.

Nielezee kwa wasiojua. Ncoolo ni lile bunda la miraa la heshima, limefungwa kwa majani ya mgomba, analoletewa baba wa binti anayeposwa. Akitia mdomoni amekubali. Asipotia amekataa, na amewatukana waliolileta.

"Walikuja jioni ile ile mliyoning'oa," akaendelea. "Wazee wa watu, wameingia mmoja mmoja kwa nyuma, kama wezi, kwa kuniogopa mimi. Wameleta bunda la binti yangu. Ningewaambia nini? Kwamba Mhindi amenikataza? Na ningemwambia D.O. nilitafuna na nani?"

"Mzee," nikamwambia, "ungeniuliza, ningekuambia utafune upande wa pili."

Akanitazama. Akaanza kucheka, akashika shavu. "Shetani wewe," akasema. "Usinichekeshe, linauma."

Njiani kurudi Daktari Fazal aliimba kwa pua mpaka Meru mjini. Tulipofika, akanikabidhi koleo. "Kesho wewe nang'oa," akasema. "Mimi nashika kichwa." Hakunisifu zaidi ya hapo, wala sikuhitaji.

Baada ya Uhuru nilirudi kwetu na kufungua chumba Embu mjini. Miaka iliyofuata sitaihesabu hapa. Vitisho havikuisha, vilibadilisha nguo tu. Alikuja tajiri mmoja wa Maua na wakili wake, anadai nimeharibu ulimi wake asiweze kuonja chumvi. Nilimkaribisha wakili asome mashtaka karibu na dirisha, penye mwanga. Alipokuwa akisoma niliona gego lake la chini limeoza. Wiki iliyofuata akaja bila tajiri. Mwalimu mmoja aliniambia atanipeleka kortini kwa sababu meno ya kubandika yanapiga mluzi akifundisha. Nikayakwangua kidogo, mluzi ukaisha, na wanafunzi wake, nasikia, walisikitika sana. Vijana, mtu anayekutisha na korti ana jambo jingine linalomuuma. Litafute taratibu. Na ukilipata, kilichopatikana mdomoni mwa mtu ni chake, hata kama kingekuokoa wewe.

M'Ikiara alikuja mara ya mwisho akiwa mzee kabisa, bila koti, bila bunduki, amesindikizwa na mjukuu wake, mtoto wa binti yule aliyeposwa. Alitaka nimtoe meno yaliyobaki. Nikamkalisha, nikaweka beseni gotini mwake. Akayaangalia maji kwa muda.

"Kile kitu," akasema, "ulikitupa wapi?"

"Kitu gani, mzee?"

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyesikia alichokuja kusikia. "Vizuri," akasema, akafungua mdomo.

Alizikwa muda si mrefu baadaye. Nimengoja hata wale wazee walioleta bunda wote wakatangulia ndipo nikaandika haya.

Leo nina vitu hivi. Shamba Kanja, kahawa na migomba, pale pale nyumba yetu ilipochomwa. Nyumba ya mawe. Ng'ombe wawili, mmoja mkorofi. Kiti cha chuma cha Daktari Fazal, alichoniachia. Koleo zake, zimepakwa mafuta. Meno yangu yote isipokuwa lile moja la mwaka wa handaki. Na beseni moja la enameli, jeupe, lenye doa la zambarau chini ambalo mke wangu amelisugua miaka na miaka. Nimemwambia aliache.